Utamu wa Kijapani, unaliwaje?

SWALI: Dada habari, mi nikishamaliza kula usiku lazima nipate keki au aiskrimu, nasikia Wajapani wanakula vitamu na bado wako fiti, wanafanyaje? – Mama wawili, Tanga

JIBU: Nzuri mpenzi. Kwanza ujue kule baada ya chakula mara nyingi ni tunda tu, kachenza au kipande cha pea, basi. Vitamu vyao vya asili vinaitwa wagashi na vinaliwa zaidi na chai, tena kimoja kidogo cha kuenea kiganjani, unakila taratibu alafu ndo unakunywa matcha, yaani chai ya kijani ya unga, isiyo na sukari kabisa, ule uchungu unakata hamu ya kuongeza. Vingi havina siagi wala krimu, ndani ni maharage madogo mekundu ya azuki yaliyopondwa. Ila nisikudanganye, sukari imo, na yokan, ile jeli nzito ya maharage hayohayo, ndo ina sukari kweli kweli, kwa hiyo siri kubwa ni udogo wa kipande.

Mi ninachokupendekezea ni kanten, ni unga wa mwani, chukua gramu 4 kwa maji nusu lita, koroga ichemke dakika 2 hivi, mimina kwenye sahani, inaganda yenyewe hata bila friji, kata vipande uchanganye na matunda. Pale Okinawa wana msemo hara hachi bu, yaani shiba asilimia 80 uache, sasa we jaribu kuacha hiyo nafasi kabla hujaigusa aiskrimu.