Re: Wanasema sahani yangu si dayati

Dada yangu, umeuliza uwajibu nini wanaokucheka kwamba wali kidogo, samaki na mchicha "si dayati" mpaka uache wanga kabisa. Mie nisingejibizana nao. Hapa Wete nilianza hivyo hivyo: upawa mmoja wa wali badala ya miwili, changu wa kuchoma, mchicha nusu sahani. Kilichonishinda ni tui! Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, kwa hiyo wali wa tui zito si mzaha. Siku hizi napikia tui la pili. La kwanza Ijumaa tu (mume wangu ananuna, lakini anakula). Ila kama una sukari au una mimba, muone daktari kwanza, usinifuate mie.