Naogopa kuziba jino

Shangazi, shikamoo. Gego langu lina tundu, maji baridi yanalichoma. Mara mbili nimefika mlangoni kwa daktari nikarudi zangu nyumbani, mtaani Langoni. Naogopa sindano na ile mashine ya kuchimba jino.
Msomaji, Lamu

Marahaba, mwanangu. Hofu hiyo naijua. Mimi nilipokwenda kuziba jino, nililikamata vazi langu la buibui mpaka likajikunja mkononi. Kilichonifaa ni kumwambia daktari mapema: “Naogopa. Nikiinua mkono, simama.” Akanipaka dawa ya ganzi ufizini, ndipo akadunga, nikahisi kama nimeumwa na sisimizi. Mashine ina mlio mkali, hiyo kweli, lakini nilihisi mtetemo tu. Ukisikia maumivu, inua mkono uongezwe ganzi. Usitafune mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata shavu. Nenda wiki hii, mwanangu: tundu likifika kwenye neva, ule mshipa wa fahamu ndani ya jino, kuziba pekee hakutoshi.