Kabla hujapiga laka kwenye gita lako la besi

Gita la kwanza la besi nililotengeneza kwa mikono yangu lilikuwa zuri mpaka siku nilipolipiga laka. Kiwiliwili kilikuwa cha mninga, shingo ya mkangazi, ubao wa vidole wa mpingo. Siku tatu nzima nilikuwa kwenye msasa tu, mpaka mninga ukatoa ile rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu. Ilikuwa Aprili, Dar es Salaam, masika yamekolea. Asubuhi mvua ikatulia, nikaona nisiipoteze nafasi. Nikaazima kompresa kwa fundi fanicha jirani, nikapuliza. Haikupita robo saa, gita zima likawa jeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Niliumia sana. Nikataka kupiga mkono wa pili, yaani tabaka jingine la laka, juu yake, labda ungeuficha ule ukungu. Yule fundi akanizuia: "Acha, mdogo wangu. Subiri jua." Kisha akanieleza. Thina, kile kimiminika cha kuzimulia laka, inapokauka huondoka na joto, uso wa mbao unapoa, na unyevu uliojaa hewani unatua pale kama umande. Laka inaushika humohumo. Ukiongeza mkono mwingine, unaufungia ndani kabisa.

Tulisubiri siku nne. Siku ya tano jua lilipowaka, akapuliza thina peke yake, ile inayokauka taratibu, kwa mbali na kidogo sana. Ukungu ukaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, rangi ya mninga ikarudi kuanzia katikati kwenda pembeni. Tangu siku hiyo, Machi hadi Mei sipulizi laka. Miezi yangu ni Juni hadi Septemba, na hata hapo sianzi kabla ya saa nne asubuhi. Kama mteja ana haraka, namwambia ukweli kwamba mbao haina haraka.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana laka haifichi kitu, inaonyesha. Msasa uende kwa mpangilio, kutoka mkali hadi laini: namba 120, 180, 240, halafu 320, na usiruke hata moja. Mikwaruzo ya 120 usiyoiona leo utaiona siku gita linang'aa. Mimi huzima taa, nikalaza tochi ubavuni mwa mbao. Kila mkwaruzo unatupa kivuli. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, uache mbao ikauke, nyuzi za mbao zitasimama kama ndevu za siku mbili. Hizo zikate kwa 320 iliyochakaa. Pembe za kiwiliwili, pale mbao ilipokatwa kukingama nyuzi, zinataka msasa zaidi kwa sababu zinanyonya kuliko sehemu nyingine.

Mninga una vinyweleo vikubwa, yaani vitundu vya mbao yenyewe. Usipoviziba, laka itazama humo na baada ya mwezi utaona vishimo kila mahali. Wengi hutumia sila, ile ya kuzibia mbao kabla ya laka, mikono mitatu minne, wakipiga msasa kati ya mkono na mkono, na kazi inatoka. Mimi napenda njia nyingine: napaka shelaki, aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, kisha nasugua kwa msasa 400 ingali mbichi kidogo. Vumbi la mninga wenyewe linachanganyika na shelaki, linakuwa uji mzito unaoingia vinyweleoni, na rangi inafanana na mbao kwa sababu ni mbao ileile. Ila vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na wapo mafundi limewaletea pumu.

Mpingo nao una mambo yake. Kichwani mwa gita lile nilibandika kipande chembamba cha mpingo kwa urembo, nikakipaka vanishi ya mafuta. Wiki ikapita, bado kinanata. Nilipogusa, alama ya kidole gumba ikabaki pale kama muhuri. Mpingo una kemikali zake za asili zinazoizuia vanishi ya mafuta isikauke, na mvule vilevile. Nilikwangua yote, nikafuta kwa thina, nikaweka mikono miwili ya shelaki isiyo na nta ili itenganishe mbao na vanishi. Ikakauka kwa siku moja. Kwenye ubao wa vidole usipake vanishi hata kidogo. Huo ndio mti wa klarineti, na klarineti hupakwa mafuta tu. Paka matone machache, subiri kidogo, futa yote.

Mgongo wa shingo pia naupaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, si laka. Mpiga besi wa kanisani anacheza saa mbili bila kupumzika, mkono una jasho, na laka nene inamshika kiganja asiteleze. Lakini nakuomba sana jambo moja: vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili, ziba kwa tepu ya karatasi kabla ya kupuliza. Mimi sikuziba. Laka ikaongeza unene, shingo ikagoma kuingia, nikailazimisha, na ufa ukatokea kwenye kona. Upo mpaka leo.

Wapo wanaobishana kwamba laka fulani inatoa sauti nzuri zaidi. Kwa besi ya umeme isiyo na uwazi ndani, siamini. Kazi kubwa ni ya nyuzi za gita na pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini yake. Laka ni ya kuzuia jasho na unyevu, na ya macho.

Baada ya mkono wa mwisho, litundike gita wiki tatu au nne. Sogeza pua: ukisikia harufu ya thina, bado. Harufu ikiisha, piga msasa wa maji, 1000, 1500, 2000, ukiweka tone la sabuni ya vyombo. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, la sivyo mbao itavimba na laka itapasuka kuzunguka tundu. Malizia kwa ile kompaundi ya kung'arishia magari.

Na kama ni laka ya nitroselulosi, usiliegemeze gita kwenye stendi ya mpira. Mpira unaila laka polepole, na siku ukiliinua utakuta doa lililolainika. Funga kwanza kitambaa cha pamba.