Maswali na Majibu: Mnasoma Nusu ya Aya

Mwanangu wa miaka 16 ananitukana na kulala nje. Kanisani tumesomewa Kumbukumbu la Torati 21, mwana mkaidi apigwe mawe. Kweli? (Mama, Igoma)

Pole, mama. Sura hiyohiyo inataka baba na mama wamlete wote wawili mbele ya wazee wa mji. Mzazi mmoja mwenye hasira hana kesi. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, wakazidi kubana: wazazi wafanane hata sauti na kimo! Ndiyo maana katika Talmud, kitabu cha mijadala ya marabi hao, wapo waliosema kesi hiyo haijawahi kutokea wala haitatokea. Huyo kijana mpeleke kwa mjomba wake akae naye likizo nzima.

Jicho kwa jicho bado ipo?

Nimeshajibu mpaka nimechoka. Marabi waliifanya fidia ya fedha, Yesu akaikataa katika Mathayo 5, na Qurani 5:45 inamsifu anayesamehe. Kateni kipande hiki mkitunze.

Qurani inasema mwizi akatwe mkono. Mbona wezi wa injini za mitumbwi tunawachekea? (Mvuvi, Ilemela)

Nani anawachekea? Mnawavisha tairi! Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, waliweka masharti: mali ifike kiwango, iwe imeibwa mahali ilipohifadhiwa, na shaka ikiingia adhabu inaondoka. Khalifa Umar aliisimamisha mwaka wa njaa. Na anayehukumu ni kadhi, si wachuuzi wa dagaa wenye kiberiti. Hiyo tairi hamkuitoa kwenye kitabu chochote.

Kutoka 22:18: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Kwa nini basi wanaoua wachawi wanakamatwa? (Kijana, Magu)

Kwa sababu ni wauaji. Keti hapo nikueleze.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu kama pilipili, hayo mnayoyaita alama ya uchawi. Alipikia mafiga matatu kwenye kibanda kisicho na dirisha, na kuni zikiadimika alichochea samadi ya ng'ombe iliyokauka. Ukiingia kumsalimu unatoka unalia. Uchawi wake ulikuwa huo moshi.

Sasa rudi kwenye Torati unayoishika kama panga. Sura ya 17 ya Kumbukumbu inakataza kuua kwa neno la shahidi mmoja, na mashahidi ndio watupe jiwe la kwanza. Sura ya 19 inasema shahidi wa uongo atendewe alichokusudia kumtendea mwenzake. Nionyeshe mashahidi wako. Mfumu, yaani mganga mpiga ramli, aliyepasua kuku na kusoma matumbo? Huyo naye Torati hiyohiyo, sura ya 18, inamkataza kupiga ramli. Umeanza kwa kuivunja, unamaliza kwa kuidai.

Na kabla hujaniandikia tena, niambie kwanza: shamba la mpunga la huyo bibi mnayemwita mchawi litabaki kwa nani?

Nimebatizwa Usabato juzi. Kambare je, naweza kumla?

Hana magamba, Walawi 11. Sato wapo tele.