Sarafu ya dhahabu haina mwaka, nitaijuaje?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimenunua kisarafu cha dhahabu chembamba, upande mmoja kuna watu wawili wameshika mti wa bendera, mmoja kapiga magoti, upande wa pili kuna mtu yuko ndani ya duara refu lenye nyota. Mwaka hauonekani popote. Muuzaji anasema ni ya miaka ya 1300. Ni kweli? Na naweza kuisafisha na dawa ya meno?

JIBU: Hiyo dawa ya meno iache kabisa tafadhali! Dhahabu ya namna hiyo ni laini, ukisugua unaacha mikwaruzo ambayo haitoki tena na thamani inashuka.

Ulivyoieleza ni dukati, sarafu ya dhahabu ya Venice, mji wa Italia uliokuwa jamhuri. Aliyesimama ni Mtakatifu Marko, anayepiga magoti ni doge, yani mtawala wao, na upande wa pili ni Yesu. Kukosa mwaka kusikutie wasiwasi, sarafu nyingi za Ulaya enzi hizo hazikuandikwa. Ila muuzaji usimwamini kwa picha tu, maana Venice walianza kuigonga (kuipiga chapa) 1284 na picha ikabaki ileile mpaka jamhuri yao ilipoanguka 1797, miaka zaidi ya 500, kwahiyo kinachokwambia umri ni jina la doge. Chukua lenzi usome herufi za pembeni (V ndo U yao). Ukikuta DANDVLO usishangilie bado, madoge wa ukoo huo walikuwa kadhaa, tafuta na jina la kwanza, mfano ANDR ni Andrea, alitawala 1343 hadi 1354. Herufi zikiwa hazisomeki kabisa inaweza kuwa mwigo wa zamani uliogongwa huko mashariki ya Mediterania, na hiyo nayo wakusanyaji wanaitafuta.

Halafu pima, iwe karibu gramu 3.5. Weka kikombe cha maji kwenye mizani inayosoma gramu 0.01, iweke sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Dhahabu safi itasoma kama 0.18, shaba nyeupe au nyekundu itapita 0.35 na hapo ujue umeuziwa feki. Ukingoni ukiona mstari wa kalibu au vitundu vya mapovu, hiyo imemiminwa, haikugongwa kama za kweli.

Ukishalisoma jina la doge tuandikie tena, tutakusaidia kulipangia miaka yake.