Jazz "ya bure" au jazz huru?

Marahaba. Kijana wa Ngarenaro, Arusha, ananiuliza hivi: kapewa kazi ya kutafsiri maelezo ya bendi ya jazz ya watu wanne, wenyewe wanapiga tungo zilizoandikwa ila katikati wanaachia karatasi na kila mtu anajitungia hukohuko stejini, sasa mashine ya kutafsiri imemletea "uboreshaji wa bure", mshkaji wake anamwambia aandike "kubahatisha". Lipi sahihi?

Hakuna.

Uboreshaji unatoka kwenye kuboresha, yaani kitu kipo tayari unakifanya kiwe bora, kama barabara au mbegu za mahindi. Hapo kuna maneno mawili ya Kiingereza yanafanana sura, improvement (kuboresha) na improvisation (hiki wanachofanya hawa stejini), yamechanganywa. Ila hiyo "bure", mashine imeitoa kwenye free ya Kiingereza ambayo ni bure na pia ni huru, ndo imenichekesha, maana kwetu bure ni bila hela na pia ni kitu hovyo, si tunasema "mtu bure kabisa", sasa ukiandika jazz ya bure nusu ya watu watakuja mlangoni bila hata mia na nusu wataona bora walale. Andika huru. Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, alivyoingia New York mwaka 1959 na wenzake watatu, saksafoni, korneti, besi na dramu, hakukuwa na piano ya kuwaongoza, uhuru wenyewe ndo huo. Na bado walikuwa na tungo: wanaanza pamoja na melodi iliyotungwa, wanaachana, kila mtu na njia yake huku anamsikiliza mwenzake, halafu wanairudia.

Ndo maana kubahatisha nakataa. Anayebahatisha hajui, ni yule mwanafunzi anayezungushia B kwenye mtihani akiomba Mungu. Hawa wanajua sana.

Wengine watakwambia kubuni. Inakaribia, lakini ubunifu anao hata aliyejifungia ndani wiki nzima na kalamu, tena kubuni kuna harufu ya uongo kidogo (habari za kubuni). Tofauti ya hawa watu ni muda, wanatunga wakati huohuo wanapiga, kwa hiyo muda lazima uonekane kwenye neno: kutunga papo kwa papo. Ukitaka nomino, utunzi wa papo kwa papo, ndefu najua ila hakuna atakayeuliza maana yake.

Vijana wa hip hop hapo Arusha wana fristaili, au mitindo huru, kijiweni sina ugomvi nayo, ila msomaji akiiona anasikia mtu anachana mistari. Watu wa taarabu nao wana taksimu, mpigaji anajitungia hapohapo, neno zuri mno, ila hiyo ni ya mpigaji mmoja na udi wake au kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), sio wanne wanaotunga kwa pamoja.

Halafu usiache neno jazz peke yake. Mzee wa Moshi akiliona anawaza Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na zote hizo zilikuwa bendi za dansi, atakuja na viatu vya kuchezea. Na "kwateti" achana nayo, watu wanne ni watu wanne.

Mimi ningeandika: "Bendi ya watu wanne ya jazz huru, wanapiga tungo zilizoandikwa na nyingine wanatunga papo kwa papo." Na kiingilio weka kwa herufi kubwa.