Jibu: Mada ya vijana na maendeleo imenikwamia

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umepewa mada ya mchango wa vijana katika maendeleo ya taifa zama hizi za utandawazi, ukaanza na "vijana ni taifa la kesho", kisha kalamu ikagoma. Sishangai. Sentensi hiyo inawaahirisha vijana kabla hujasema lolote juu yao. Ifute.

Angalia kwanza: kijana wako ni nani? Umoja wa Mataifa katika takwimu zake huhesabu miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unafika 35. Niliwahi kuchanganya takwimu za makundi hayo katika andiko la kikundi chetu, likarudishwa siku ileile.

Kisha usiuache utandawazi ukielea hewani. Shika njia moja uifuate hadi mwisho, mathalani kazi za mtandaoni. Kijana anaandika programu kwa mteja aliye nchi nyingine. Fedha za kigeni zinaingia, ujuzi unakua. Sasa uliza yanayouma: kodi analipa? Akiugua au akizeeka, ana akiba gani? Jukwaa linalomkutanisha na mteja limesajiliwa wapi, na linamkata kiasi gani? Hapo ndipo utaona taifa linapata nini na linapoteza nini.

Uhamaji wa wataalamu gusia tu, wengi wameshauchosha. Siasa usiiruke: Azimio 2250 la Baraza la Usalama, la 2015, linahimiza vijana washirikishwe katika maamuzi ya amani.

Ukishaandika upya aya ya kwanza, ibandike hapa tuikosoe.